Mguu uko kwenye vyuma: Mazoezi ya mikono, kifua na mgongo kwa anayepona upasuaji wa kurefusha mguu

Mtu akishafanyiwa upasuaji wa kurefusha mguu, kwa miezi kadhaa mikono yake ndiyo inakuwa miguu yake. Ndiyo inayomtoa kitandani, inayomsaidia kukaa na kuinuka chooni, inayobeba mwili juu ya magongo na inayomdaka asianguke bafuni.

Shida ni kwamba wengi wanaligundua hilo siku ile wanaposhika magongo kwa mara ya kwanza. Hapo tayari wamelala siku kadhaa, wamepungua, na mikono inatetemeka kabla hata ya kufika mlangoni.

Ndiyo maana mazoezi ya sehemu ya juu ya mwili ni sehemu ya matibabu, si mambo ya kujaza kifua. Lakini yana mipaka yake. Mikono ikipata nguvu haraka kuliko mfupa unavyokomaa, mtu anaweza kujiona amepona wakati ndani ya mguu mfupa mpya bado ni laini.

Haya hapa ni mambo ya msingi ambayo mgonjwa na anayemuuguza nyumbani wanapaswa kuyajua, kuanzia kabla ya upasuaji hadi siku ya kurudi jimu.

Mguu unarefushwaje?

Wengi wanaofanyiwa upasuaji huu wana mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Wapo waliozaliwa hivyo. Wapo waliopata polio, au maambukizi ya mfupa utotoni yaliyoharibu sehemu inayokua. Na wapo waliopata ajali.

Chukua mfano wa dereva wa bodaboda aliyevunjika paja, mfupa ukaunga huku vipande vimepandana. Jeraha limepona, lakini mguu umepungua sentimita kadhaa. Anachechemea, na kadiri miaka inavyokwenda kiuno na mgongo vinaanza kudai.

Tofauti ndogo, ya chini ya sentimita 2, mara nyingi hutatuliwa kwa kuongeza soli ya kiatu tu. Tofauti ikiwa kubwa ndipo upasuaji unapozungumzwa. Wapo pia watu wenye miguu iliyo sawa wanaofanya hivyo ili waongezeke urefu. Mfupa haujali sababu. Muda wa kupona na hatari ni zilezile, na wao mara nyingi hufanyiwa miguu yote miwili.

Daktari hukata mfupa, kisha anafunga kifaa cha kuvuta vipande viwili taratibu. Kifaa hicho kinaweza kuwa vyuma vya nje, vyenye pete na nyaya zinazopita kwenye mfupa, ambavyo mtaani wengi huviita antena. Au kinaweza kuwa chuma kinachokaa ndani ya uboho wa mfupa na kurefuka kwa msaada wa kifaa cha sumaku kinachowekwa juu ya ngozi.

Baada ya upasuaji mwili huachwa utulie kwa siku 5 hadi 10. Kisha uvutaji unaanza, kwa kawaida milimita 1 kwa siku. Kwa vyuma vya nje mara nyingi hugawanywa mara 4, robo milimita kila mara, na wagonjwa wengi hutegesha kengele ya simu ili wasisahau kuzungusha skrubu.

Katika nafasi inayoachwa katikati, mwili unajenga mfupa mpya. Hapo ndipo ilipo siri yote ya matibabu haya.

Kwa nini inachukua miezi?

Hesabu ni rahisi. Kurefusha sentimita 5 kwa milimita 1 kwa siku ni siku 50. Lakini mfupa unaopatikana siku ya 50 bado haujawa mfupa wa kubeba mtu. Unahitaji muda mwingine, mrefu kuliko ule wa kuvuta, ili ukomae.

Kwa mtu mzima makadirio ya haraka ni mwezi mmoja hadi mmoja na nusu kwa kila sentimita moja, kuanzia upasuaji. Kwa sentimita 5 hiyo ni miezi 5 hadi 7 na nusu. Anayevuta sigara, mwenye kisukari au mwenye maambukizi anaweza kukaa zaidi.

Kwa muda wote huo, kiasi cha uzito anachoruhusiwa kuweka mguuni kinaamuliwa na daktari. Wenye vyuma vya pete vya nje mara nyingi huruhusiwa kukanyaga mapema, tena huhimizwa. Wenye chuma cha ndani mara nyingi huruhusiwa uzito mdogo tu mpaka picha ya eksirei ionyeshe mfupa umekomaa. Mgonjwa asichukue maelekezo ya mwenzake wa kitanda cha jirani akadhani na yeye yanamhusu.

Mikono inafanya kazi gani hasa?

Mtu wa kilo 70 anayetembea kwa magongo bila kukanyaga mguu uliofanyiwa upasuaji, kila anaporusha mguu mzima mbele, mikono yake inabeba karibu kilo zote 70. Anafanya hivyo hatua baada ya hatua, kutoka chumbani hadi chooni na kurudi.

Misuli inayofanya kazi hiyo ni ya nyuma ya mkono, inayonyoosha kiwiko, misuli mikubwa ya mgongo inayovuta bega kushuka chini, kifua, na nguvu ya kiganja kushika. Hiyo ndiyo inayopaswa kupewa kipaumbele. Misuli ya mbele ya mkono, ile vijana wanayopenda kupigia picha, inasaidia kidogo tu kwenye magongo.

Faida nyingine ni tatu. Kwanza, moyo na mapafu vinapata kazi wakati miguu imepumzika. Pili, mgonjwa anapunguza kumtegemea mtu kumbeba, jambo ambalo kwa familia nyingi si dogo. Tatu, akili. Miezi 6 ya kukaa ndani inachosha, na kuona leo umenyanyua mara 10 wakati wiki iliyopita ulinyanyua mara 6 kunampa mtu sababu ya kuamka.

Kuna jambo moja ambalo mazoezi haya hayafanyi: hayaharakishi mfupa kukomaa. Anayesema kwamba ukipiga tizi sana mikononi vyuma vitatolewa mapema anadanganya.

Mguu bado unatangulia

Mfupa unavutwa kwa skrubu, lakini misuli na mishipa haina skrubu. Inarefuka kwa kunyooshwa kila siku. Isiponyooshwa, goti linakataa kunyooka au kukunjika, na kisigino kinapanda juu, mtu akawa anakanyagia vidole. Hilo likitokea, mguu unaweza kuwa mrefu kama ulivyokusudiwa lakini usitembeke vizuri.

Kwa hiyo mpangilio wa siku ni huu: mazoezi ya mguu aliyopewa na mtaalamu wa fiziotherapia kwanza, mikono baadaye. Mguu hufanyiwa mazoezi kila siku, mara kadhaa. Mikono inatosha siku 3 kwa wiki. Siku ambayo nguvu au muda ni kidogo, kinachorukwa ni mikono.

Pia mto chini ya goti kwa saa nyingi una raha yake, lakini unalizoesha goti kubaki limekunjika. Wakati wa kupumzika ni bora kisigino kiinuliwe na goti linyooke, isipokuwa daktari ameelekeza vingine.

Kabla ya upasuaji: wiki 4 hadi 6 za maandalizi

Anayejua tarehe yake ya upasuaji ana bahati. Akitumia wiki 4 hadi 6 kuimarisha mikono, mgongo na mguu mzima, ataanza safari akiwa na akiba.

Katika kipindi hiki anaweza kupiga pushapu, kuvuta bendi na kunyanyua vitu vizito kiasi. Na ajifunze kutumia magongo kabla. Kupanda ngazi kwa magongo ukiwa huna maumivu ni jambo moja, na kujifunza ukiwa na kidonda kibichi ni jambo lingine kabisa.

Nyumba nayo iandaliwe: mikeka na mazulia yanayoteleza yatolewe njiani, kitanda kiwe cha kimo kinachofaa, na kiwepo kiti imara chenye mikono.

Wiki ya kwanza: kitandani

Hapa hakuna kunyanyua uzito. Kidonda ni kibichi na dawa za maumivu zinaweza kuleta kizunguzungu. Kinachofaa ni mambo madogo:

- Kuvuta pumzi ndefu mara 10 kila saa akiwa macho, ili mapafu yasilale.
- Kukunja na kukunjua viganja, kisha kubana kitambaa kilichokunjwa kwa sekunde 5.
- Kuzungusha mabega na kunyoosha mikono juu taratibu.
- Kubonyeza viganja kwenye godoro kana kwamba anataka kuinua makalio, kwa kiasi kile tu anachoweza.

Kama kitanda cha hospitali kina kile kishikio kinachoning'inia juu, kukivuta ili kujisogeza ni zoezi tosha.

Kipindi cha kuvuta: mazoezi 6 ya kukaa na kulala

Daktari na mtaalamu wa fiziotherapia wakisharuhusu, ambapo mara nyingi mgonjwa yuko nyumbani, mazoezi yenyewe yanaanza. Kanuni ni moja: yote yafanyike mtu akiwa amekaa au amelala, na mguu wenye vyuma umeegemezwa vizuri, hausukumi wala haubebi chochote.

1. Kujinyanyua kitini. Mgonjwa anakaa kwenye kiti imara chenye mikono, kimeegemezwa ukutani. Kama ni kiti cha magurudumu, breki zimefungwa. Mguu uko juu ya stuli yenye mto. Anasukuma mikono ya kiti mpaka makalio yanyanyuke kidogo, anahesabu hadi 3, anashuka polepole. Hili ndilo linalofanana zaidi na kazi ya magongo, hata akifanya mara 5 tu.

2. Kusukuma akiwa chali. Analala kitandani au kwenye mkeka wa kitandani, chupa ya maji kila mkono, anasukuma kwenda juu usawa wa kifua. Linachukua nafasi ya pushapu.

3. Kuvuta bendi. Bendi ya mpira inafungwa kwenye nondo za dirisha usawa wa kifua. Mgonjwa amekaa, anavuta viwiko kurudi nyuma huku mabega yakikaribiana kwa nyuma. Linaimarisha mgongo na kuzuia kujikunja kunakoletwa na kukaa muda mrefu.

4. Kushusha bendi. Bendi imefungwa juu zaidi kwenye nondo. Viwiko vimebanwa ubavuni, anashusha viganja mpaka mikono inyooke. Hapa misuli ya nyuma ya mkono ndiyo inafanya kazi.

5. Kusukuma juu ya kichwa. Amekaa, mgongo umeegemea. Uzito uwe mdogo kuliko wa zoezi la pili. Bega likiuma linaachwa, kwa sababu anahitaji mabega hayo kwa miezi mingi ijayo.

6. Kukunja mkono. Chupa au kidumu mkononi, kiwiko kikiwa ubavuni, anakunja na kushusha polepole.

Kubana mpira mdogo au kitambaa kunaweza kufanyika wakati wowote, hata akiangalia taarifa ya habari.

Vifaa vipo nyumbani

Hakuna haja ya kununua dambeli. Chupa ya maji ya lita 1 ni karibu kilo 1, na ya lita moja na nusu ni karibu kilo moja na nusu. Ikijazwa mchanga mkavu, chupa hiyo inapita kilo 2. Kidumu cha lita 5 kilichojaa maji ni kilo 5, na uzuri wake ni kwamba maji yanaongezwa kidogokidogo nguvu zinavyoongezeka.

Bendi inaweza kukatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli iliyooshwa vizuri. Ikaguliwe kila mara kama ina mipasuko, maana ikikatika wakati imevutwa inaweza kumrudia mtu usoni au kumwangusha.

Na hili lisisahaulike: vyuma vya mguuni si mahali pa kufungia bendi, kutundika kidumu wala kuegemeza mkono.

Ratiba ya wiki

Mfano wa ratiba ya kawaida ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika 20 hadi 30.

- Wiki 2 za mwanzo: mazoezi 4 ya kwanza, mizunguko 2, kila zoezi mara 8 hadi 10.
- Baada ya hapo: mazoezi yote 6, mizunguko 3, kila zoezi mara 8 hadi 12.
- Kupumzika dakika 1 hadi 2 kati ya mzunguko na mzunguko.

Uzito unaofaa ni ule ambao mtu akimaliza mara ya 10 anahisi angeweza mara 2 zaidi. Akiweza mara 12 kwa mizunguko yote siku 2 mfululizo, anaongeza uzito kidogo.

Pumzi isibanwe. Mtu anatoa pumzi wakati wa kusukuma au kuvuta, anaingiza wakati wa kurudisha. Kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu na kuleta kizunguzungu, na mwenye mguu mmoja wa kutegemea hana nafasi ya kizunguzungu.

Magongo na kwapa

Kosa linaloonekana sana ni kuning'inia kwenye magongo kwa kwapa. Mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi inapita hapo. Ikigandamizwa siku nyingi, mkono unaanza kufa ganzi na mtu anaweza kushindwa kuinua kiganja. Sasa anakuwa na mguu mgonjwa na mkono mgonjwa.

Magongo ya kwapa yanapaswa kuacha nafasi ya vidole 2 hadi 3 kati ya kichwa cha gongo na kwapa mtu akiwa amesimama wima. Kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono pale mkono unaponing'inia, ili kiwiko kikunjike kidogo anaposhika. Uzito ubebwe na viganja.

Raba za chini ya magongo zikilika zibadilishwe. Sakafu ya vigae iliyolowa maji na raba iliyolika ni ajali inayosubiri saa yake.

Ya kuepuka kabisa

- Pushapu za kawaida. Vidole vya miguu au magoti hubeba sehemu ya uzito wa mwili, na vyuma vinaweza kugonga chini.
- Kuning'inia kwenye baa. Kupanda si tatizo kubwa, tatizo ni kushuka. Mkono ukiteleza, mguu unatua kwa kishindo.
- Kunyanyua vitu ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Kuyumba kidogo tu kunatosha kumfanya mtu akanyage kwa nguvu mguu asiopaswa.
- Kukunja tumbo huku miguu imeshikiliwa. Mguu unavutwa bila mtu kujua.
- Kufanya mazoezi muda mfupi baada ya dawa kali za maumivu. Zinaondoa maumivu, na maumivu ndiyo yangemwambia aache.

Kwa wiki za mwanzo ni vizuri mtu mzima awepo karibu wakati wa mazoezi. Simu nayo iwe mahali mkono unapofika.

Jasho na usafi wa vyuma

Pale waya unapoingia kwenye ngozi ni mlango wa vijidudu. Jasho na vumbi vinaongeza hatari. Baada ya mazoezi mgonjwa abadilishe nguo zilizolowa, na asafishe sehemu hizo kwa dawa na utaratibu aliopewa hospitali, kwa mikono iliyooshwa.

Asipake majivu, mafuta wala dawa za kienyeji kwenye matundu hayo. Na wakati wa kusafisha aangalie kama kuna nati iliyolegea au waya uliokatika. Akiona, asijaribu kukaza mwenyewe kwa spana ya jirani, awasiliane na hospitali.

Chakula: mwili unajenga vitu viwili kwa pamoja

Mwili unajenga mfupa na misuli kwa wakati mmoja, kwa hiyo unahitaji protini ya kutosha. Kiwango kinachotumika sana kwa mtu anayepona na kufanya mazoezi ni gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 72 hadi 96.

Yai moja lina karibu gramu 6. Glasi ya maziwa ina karibu gramu 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu gramu 15. Samaki, kuku, njugu, choroko na mtindi vinakamilisha hesabu. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni chanzo kizuri cha kalsiamu, na bei yake haiumi. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kabla ya kuongeza protini.

Jua la asubuhi husaidia mwili kutengeneza vitamini D, kwa hiyo kuketi kibarazani kuna faida zaidi ya kupunga upepo.

Sigara ni adui wa kweli. Inachelewesha mfupa kuunga, na kwa mtu anayesubiri mfupa mpya hilo linaweza kumaanisha miezi ya ziada kwenye vyuma.

Kuhusu dawa, diklofenaki na ibuprofeni hupatikana kirahisi kwenye maduka ya dawa, lakini madaktari wengi hupenda mgonjwa wa aina hii aziepuke kwa kuwa zinaweza kupunguza kasi ya mfupa kujengeka. Misuli ikiuma baada ya mazoezi, aulize kwanza kabla ya kununua.

Dalili za kuacha mara moja

Uchovu wa misuli na maumivu madogo ya siku ya pili ni kawaida. Haya yafuatayo si ya kawaida, na mgonjwa awasiliane na hospitali:

- Maumivu mapya makali sehemu mfupa ulipokatwa, au mguu kupinda.
- Wekundu unaosambaa, usaha au homa.
- Ganzi mpya mguuni, au kushindwa kuinua kidole gumba cha mguu au unyayo. Inaweza kuwa ishara kwamba mshipa wa fahamu unavutwa kupita uwezo wake, na daktari anaweza kupunguza kasi au kusimamisha uvutaji kwa muda.
- Goti au kifundo cha mguu kuzidi kukakamaa wiki hadi wiki.
- Ganzi au udhaifu mkononi kwa anayetumia magongo.

Ndama kuvimba na kuuma ghafla, maumivu ya kifua au kukosa pumzi ni dharura. Damu inaweza kuwa imeganda. Hapo hakuna kusubiri kesho wala kumtafuta daktari kwa ujumbe, ni kwenda hospitali muda huohuo.

Kipindi cha hatari kinachosahaulika

Uvutaji ukiisha, mguu umefikia urefu uliotakiwa, maumivu yamepungua na mikono imeshakuwa ya chuma. Mtu anajisikia mzima. Hapa ndipo wengi wanapojisahau.

Mfupa mpya unaanza ukiwa laini na kukomaa kidogokidogo. Daktari anaufuatilia kwa picha za eksirei, akiangalia kuta zake kutoka mbele na ubavuni. Kwa kawaida anataka kuona angalau kuta 3 kati ya 4 zimejengeka kabla ya kutoa vyuma vya nje au kuruhusu uzito wote.

Hata siku vyuma vinapotolewa mfupa unaweza kuvunjika au kupinda, hasa wiki za mwanzo. Ndiyo maana wengine hufungwa plasta au kifaa cha kushikilia mguu kwa muda na kurudishiwa magongo. Kwa mtu aliyehesabu siku miezi 6, kurudi kwenye magongo kunakatisha tamaa. Lakini kuvunjika upya kunamrudisha chumba cha upasuaji.

Katika kipindi hiki mazoezi ya mikono yanaweza kuongezwa uzito, ila bado ya kukaa na kulala. Kurudi jimu kwa mazoezi ya kusimama, kubeba vitu vizito begani au kupanda bodaboda kusubiri ruhusa inayotokana na picha. Nguvu za mkono hazipimi mfupa wa mguu.

Aliyepona na kuruka tena

Njia hii ya kurefusha mifupa ilianzishwa na daktari Gavriil Ilizarov katika mji wa Kurgan, huko Siberia, miaka ya 1950. Kwa muda mrefu haikujulikana sana nje ya Urusi ya zamani. Nchi za Magharibi zilianza kuipokea rasmi kupitia Italia mwaka 1981.

Mmoja wa wagonjwa waliompa sifa ni Valeriy Brumel, mrukaji wa juu aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 2.28 na kushinda dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964. Mwaka 1965 alipata ajali ya pikipiki iliyouharibu vibaya mguu wake wa kulia. Alipasuliwa mara nyingi bila mguu kukaa sawa, mpaka alipofika kwa Ilizarov mwaka 1968.

Mguu ulinyooshwa na kurefushwa, na baadaye Brumel akaruka tena zaidi ya mita 2. Hakurudi kwenye rekodi yake, ila alirudi uwanjani.

Kwa mgonjwa wa kawaida ushindi ni mdogo zaidi lakini ni wake: kutoka kitandani bila kuita mtu, kufika mlangoni bila mikono kutetemeka, na siku daktari atakaposema kanyaga, kukanyaga mguu ambao haukuharakishwa.